Bili ya ukimya wa Karoo: Nani analipia umeme safi wa darubini?

WAFUGAJI wa kondoo wa Karoo, nyanda kame za jimbo la Northern Cape huko Afrika Kusini, wana jirani asiyevumilia kelele hata kidogo. Jirani huyo ni MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64, kila dishi likiwa na upana wa mita 13.5. Ilizinduliwa rasmi Julai 2018, kilomita 90 hivi kutoka mji mdogo wa Carnarvon, na imepangwa kuwa sehemu ya darubini kubwa zaidi ya kimataifa iitwayo SKA.

Sifa za kisayansi za mradi huo zimeimbwa sana. Kinachozungumzwa kidogo ni bili yake ya ukimya. Darubini hiyo hufanya kazi vizuri pale tu ambapo hakuna simu za mkononi, redio za upepo wala mitambo inayotoa cheche, na ukimya wa namna hiyo haupatikani bure. Upande mmoja, mradi wenyewe umelipa fedha nyingi kufungia kompyuta zake ndani ya vyumba vya chuma na kuvipelekea umeme uliosafishwa. Upande wa pili, wafugaji wamelipa kwa ardhi, kwa mawasiliano na kwa soko. Bili ya kwanza iliandikwa na wahandisi kwenye bajeti kabla jembe halijagusa udongo. Bili ya pili, ukiondoa bei ya ardhi yenyewe, ilikuwa ikijadiliwa huku ujenzi ukiendelea.

Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa na mkulima wa Afrika Mashariki, kwa sababu Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini kama washirika wa mradi huo. Lakini haieleweki bila kwanza kuutazama umeme.

Kelele isiyosikika

Mwenye duka karibu na karakana ya kuchomelea vyuma anaijua kelele hii. Fundi akigusisha tu fimbo yake kwenye chuma, redio ya dukani huanza kukwaruza. Hakuna waya uliounganisha redio na mashine ya fundi, ila kila cheche hutupa mawimbi ya redio pande zote, na mengine husafiri ndani ya nyaya za umeme za mtaa mzima.

Si kuchomelea peke yake. Taa za bei ya chini, chaja za simu, inveta za sola, uzio wa umeme wa kuzuia wanyama, plagi za injini ya petroli: kifaa chochote kinachowasha na kukata umeme kwa haraka hutoa uchafu wa aina hiyo. Agosti 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walilazimika kutoa tahadhari kwa wenye vyombo kwamba baadhi ya taa za LED zilikuwa zikivuruga redio za baharini, zile zinazotumiwa kuomba msaada. Wavuvi wa dagaa wanaowasha taa za namna hiyo usiku wana haki ya kusikia habari hiyo.

Kwa msikilizaji wa taarifa ya habari, kukwaruza ni maudhi. Kwa darubini ya redio ni kazi yote kuharibika. Mawimbi yanayotoka kwenye nyota za mbali ni hafifu kiasi kwamba simu moja ya mkononi, kama ingewekwa mwezini ikapigwa kutoka huko, ingekuwa miongoni mwa vyanzo vikali zaidi vya mawimbi ya redio katika anga lote. Huko Parkes, Australia, wanasayansi walihangaika kwa miaka mingi na ishara za ajabu zilizokuwa zikinaswa tangu mwaka 1998. Mwaka 2015 ilibainika kuwa zilitoka jikoni kwao wenyewe: mtu mwenye haraka alikuwa akifungua mlango wa jiko la maikrowevu kabla halijamaliza kupasha chakula.

Marekani waliona tatizo hili mapema. Mwaka 1958 walitenga eneo la kilomita za mraba 34,000 hivi kuzunguka Green Bank, West Virginia, ambako mitambo ya kurushia mawimbi hudhibitiwa. Karibu kabisa na darubini huendeshwa magari ya dizeli, kwa kuwa injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche.

Kuna kejeli moja hapa. Mpiga kelele mkubwa kuliko wote katika eneo la darubini ni darubini yenyewe. Madishi 64 humwaga taarifa nyingi mno, na kuzichambua kunahitaji makabati kwa makabati ya kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kila kompyuta ni chanzo cha mawimbi. Haiwezi kupelekwa mbali sana, na haiwezi kuachwa wazi.

Sanduku na tundu lake

Dawa ilijulikana zamani. Mwaka 1836 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba cha mbao chenye upana wa futi 12, akakivika metali pande zote, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje wakikimwagia umeme mkali. Ndani hakupima chochote. Metali iliyozunguka pande zote ilikuwa imeuzuia umeme wote nje. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa pande zote mbili: kilicho nje hakiingii, na kilicho ndani hakitoki.

Karoo wamejenga kwa kanuni hiyo. Kompyuta za MeerKAT ziko katika jengo lililozamishwa ardhini nyuma ya kilima cha Losberg, ili udongo na mwamba visaidie, na ndani ya jengo hilo kuna chumba kilichozungushiwa chuma. Hata katika nguzo ya kila dishi kuna chumba kidogo cha chuma kinachofungia mitambo ya kuligeuza.

Ukuta wa chuma ni sehemu rahisi ya kazi. Shida ni matundu. Mlango lazima ubane kwa vijembe vya shaba kuuzunguka wote, maana ufa mwembamba unatosha kuvujisha. Hewa ya kupozea mashine hupitishwa kwenye vijitundu vya chuma vilivyopangwa kama sega la nyuki, vyembamba kiasi kwamba upepo hupita na mawimbi hukwama. Taarifa hutolewa kwa nyuzi za kioo, yaani faiba, na kioo hakibebi umeme wala kelele zake.

Umeme, hata hivyo, haupiti kwenye kioo. Ni lazima uingie kwa waya wa shaba, na waya wa shaba unaopenya ukuta huo ni antena kamili. Ukijenga chumba cha mamilioni kisha ukatoboa tundu moja la kupitisha waya wa kawaida wa taa, umebaki na kabati la kutunzia nguo. Kelele za ndani zitatoka nje zikiwa zimepanda juu ya waya, na za nje zitaingia vivyo hivyo.

Kwa hiyo kila waya hupitishwa kwenye chujio lililofungwa ukutani. Mwenye mashine ya kukoboa mahindi hatapata taabu kulielewa. Umeme wa kawaida, Afrika Kusini kama Kenya na Tanzania, hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kelele za redio huzunguka mara maelfu hadi mamilioni. Ndani ya chujio mna koili zinazoruhusu mizunguko ya polepole na kuibania ile ya haraka, na kapasita zinazofanya kinyume chake: huiachia ile ya haraka ikimbilie kwenye ukuta wa chuma na kuishia ardhini. Umeme safi hupita, pumba hubaki nje.

Kipimo cha kawaida cha chumba kizuri ni desibeli 100. Kwa lugha ya duka, ni kama shilingi bilioni 10 za kelele zifike mlangoni na ipite shilingi moja tu. Ili kufikia hapo, waya wa nyutro nao hupewa chujio lake, jambo ambalo mafundi wa majumbani hulisahau kwa kudhani nyutro haina neno. Nyaya zilizokwisha kuchujwa haziruhusiwi kulala kando ya zile ambazo hazijachujwa, kwa sababu kelele huruka kutoka waya hadi waya. Na kwa kuwa kila waya unaoingia hudai chujio lake, mhandisi mwenye akili ya biashara haingizi njia tofauti za taa, za soketi na za feni. Huingiza njia moja kubwa, akaigawa ndani. Kamsa ya moto hupelekwa kwa faiba. Waya uliokwepwa ni fedha iliyookolewa.

Usalama kabla ya usafi

Hadi hapo ni habari ya usafi. Kuna habari ya usalama, na hii inamgusa mfanyabiashara mdogo moja kwa moja, hata kama hatakanyaga Karoo maisha yake yote.

Kapasita za chujio zimeunganishwa kati ya waya wenye moto na ethi. Kazi yake ni kumwaga kelele, lakini humwaga pia kiasi fulani cha umeme wenyewe. Hesabu yake si ngumu. Kapasita ya mikrofaradi 10, kwenye umeme wa volti 230 na mizunguko 50, hupitisha karibu ampia 0.7 kwenda ardhini saa zote, hata kama hakuna kifaa kilichowashwa. Sasa linganisha na ile sakiti breka ya usalama inayowekwa majumbani kumlinda mtu asinaswe: hiyo hukata umeme ikiona ampia 0.03 tu zimepotelea ardhini. Mvujo wa chujio moja kubwa ni zaidi ya mara 20 ya kiasi hicho.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, breka ya aina hiyo ikifungwa kabla ya chujio haitakaa. Itakata kila inapowashwa. Pili, na hili ndilo la kutisha, ethi ikikatika, ampia hizo hukosa njia. Ukuta mzima wa chuma hubaki na umeme, na mtu wa kwanza kugusa kitasa cha mlango akiwa amesimama ardhini ndiye anayegeuka kuwa waya wa ethi.

Ndiyo maana vyumba hivi hujengwa kwa utaratibu usiojadiliwa. Ethi huwa ya nyaya mbili nene zinazojitegemea, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki. Ethi huunganishwa kwanza kabla ya waya wowote wa moto, na hufunguliwa mwisho kabisa. Kabla ya machujio huwekwa transfoma ya kutenganisha, ambayo upande wake wa pili huanzisha nyutro yake yenyewe na kuifunga kwenye ethi ya chumba. Mvujo huzunguka hapo hapo na kurudi kwenye transfoma, hauendi kusumbua breka za mtandao. Baada ya kuzima, fundi husubiri, kwa sababu kapasita hubaki na chaji. Vipinga vidogo huwekwa kuinyonya taratibu, naye hupima kabla ya kugusa.

Mwenye kituo cha kupozea maziwa au pampu yenye kidhibiti cha kisasa cha mwendo wa mota amekutana na mdogo wake tatizo hili. Ndani ya kidhibiti mna chujio dogo, nalo huvujisha kidogo kwenda ethi. Breka inakata asubuhi, inakata mchana, na maziwa yanaanza kuchacha. Fundi wa mtaani huitwa, naye hutoa moja kati ya dawa mbili: ama anaondoa breka, ama anakata waya wa ethi. Zote mbili hunyamazisha tatizo. Ya pili humfanya anayeosha tangi kwa maji awe hatarini kila siku. Dawa halali ni kukipa kifaa hicho njia yake peke yake, breka inayolingana nacho, na ethi iliyopimwa. Inagharimu zaidi ya chai ya fundi, lakini ni nafuu mno kuliko kesi ya kifo cha mfanyakazi.

Karoo pia ilileta ugumu wa udongo. Ethi hutegemea unyevu, na nchi ile ni mwamba na vumbi. Fimbo moja ya shaba iliyopigwa kwenye udongo mkavu inaweza kuwa pambo tu, kama wanavyojua mafundi waliofanya kazi Dodoma au Turkana mwezi wa Oktoba. Katika mazingira hayo hutandazwa shaba nyingi, fimbo hushindiliwa ndani zaidi, na mashimo hujazwa udongo maalumu unaoshika maji. Shaba ni ghali, na kila dishi linahitaji yake, si kwa kelele pekee bali pia kwa radi.

Umeme ukikatika

Afrika Kusini ilianza kuonja mgawo wa umeme mwishoni mwa mwaka 2007, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko yote. Darubini haiwezi kuzimwa na kuwashwa kama redio. Kwa hiyo mradi ulichukua umeme wa shirika la taifa, Eskom, ukaupitisha kwenye mitambo ya dizeli yenye gurudumu zito linalozunguka muda wote. Umeme ukikatika, gurudumu huendelea kwa nguvu ya uzito wake kwa sekunde chache, kama cherehani inavyoendelea mguu ukishatolewa kwenye pedeli, na katika sekunde hizo injini ya dizeli huwa imekwisha kushika. Faida ya pili ya mtambo huo haionekani kirahisi: mota inayozunguka hutoa umeme laini, na huuweka mbali na vurugu za gridi. Kutoka hapo umeme husambazwa kwa nyaya zilizofukiwa ardhini hadi kwenye madishi, kwa kuwa nyaya za juu ya nguzo hutoa cheche ndogo ndogo kwenye vikombe vyake.

Australia, ambako nusu nyingine ya SKA inajengwa, walikabiliwa na hali tofauti. Eneo la Murchison lilikuwa ranchi ya mifugo ya Boolardy, na gridi haifiki. Walijenga kituo cha sola cha megawati 1.6 chenye betri za megawati-saa 2.5. Kwa macho ya kawaida, jua ni umeme safi kuliko wote. Kwa sikio la darubini ni kinyume: inveta zinazogeuza umeme wa jua kuwa wa kawaida ni miongoni mwa vifaa vyenye kelele nyingi. Ikabidi kituo chenyewe cha kuzalisha umeme nacho kizungushiwe kinga ya mawimbi. Yaani sanduku la kompyuta linalishwa na sanduku jingine.

Hayo yote ni fedha, na hakuna mhandisi aliyeambiwa "tutaona baadaye". Bila machujio, ethi na dizeli hakuna darubini. Gharama hizo zilichukuliwa kuwa ni sehemu ya mtambo, sawa na zege la msingi.

Bili ya mfugaji

Sasa twende upande wa pili wa uzio. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilipitisha sheria maalumu ya kulinda maeneo ya unajimu, inayompa waziri madaraka ya kutangaza eneo na kudhibiti mitambo yote ya kurushia mawimbi ndani yake. Mwaka 2008 yalinunuliwa mashamba ya kwanza. SKA ilipothibitishwa, mengine yakafuata, na mwaka 2020 ardhi iliyokusanywa ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Meerkat, yenye hekta 135,000 hivi.

Karoo si nchi ya malisho manene. Ukichukua makadirio ya hekta 6 kwa kondoo mmoja, ardhi hiyo ingeweza kubeba kondoo 22,500. Kwa taifa lenye mamilioni ya kondoo, hiyo si habari. Kwa Carnarvon, Williston, Brandvlei na Vanwyksvlei ni habari kubwa. Kondoo huyo hakuwa wa mfugaji peke yake. Alikuwa na mkata manyoya, dereva wa lori, machinjio, muuza dawa ya kuogeshea, na duka linalouza sukari na mafuta ya taa kwa wafanyakazi wa shamba. Mwenye shamba alilipwa bei ya ardhi akaondoka. Muuza duka hakuuza chochote, hivyo hakulipwa chochote, ila wateja wake walihama. Mfanyakazi wa shamba aliyezaliwa pale alipoteza kazi na nyumba kwa siku moja, na soko la ardhi halina safu ya kumwandika.

Waliobaki jirani walilalamikia mambo mengine. Chama cha wakulima cha Agri SA na vikundi vya wenyeji walipaza sauti kuhusu mbweha, ambao huzaliana kwenye ardhi isiyofugwa kisha huvuka uzio kula wana-kondoo. Kubwa zaidi lilikuwa simu. Shamba la Karoo liko mbali na jirani, mbali na polisi na mbali na zahanati. Wezi wa mifugo wapo. Kumwambia mfugaji huyo kwamba mtandao wa simu hautapanuliwa kwake, au utapunguzwa, ni kumwongezea gharama ya ulinzi na kumnyang'anya bei ya mnada anayoisikia kwa simu. Mradi uliahidi mawasiliano mbadala, hasa ya setilaiti. Hayo yanasaidia nyumbani. Hayamsaidii mtu aliye malishoni gari lake likiwa limezama kwenye mchanga.

Haki inadai upande wa mradi nao usemwe. Vijana wa Carnarvon wamefunzwa ufundi wa umeme na mitambo, sekondari ya mji ilipatiwa msaada wa kufundishia hesabu na sayansi, na ujenzi uliajiri watu katika mji ambao ajira zilikuwa zikipungua hata kabla ya darubini. Hakuna mchumi makini anayeweza kusema hasara ni tupu. Tatizo ni kwamba aliyepata na aliyepoteza si mtu mmoja. Kijana aliyefuzu ufundi wa kufunga machujio hamlipi mkata manyoya aliyekosa kazi.

Hapo ndipo ulinganisho wa bili mbili unapouma. Chumba cha chuma kilipohitaji njia salama ya kumwaga ampia zake, kilipewa nyaya mbili, mmoja wa akiba. Mfugaji alipohitaji njia ya kuita polisi usiku, alipewa ahadi na mazungumzo. Kiuchumi hakuna tofauti kati ya mahitaji hayo: yote mawili ni gharama ya kuzalisha ukimya. Moja lilihesabiwa kwa sababu mtambo usingewaka bila hilo. Jingine liliweza kuahirishwa kwa sababu mtambo ungewaka tu.

Australia hawakuwa malaika, lakini walifanya jambo moja kwa mpangilio mzuri zaidi. Mkataba wa matumizi ya ardhi na wenyeji wa Wajarri Yamaji ulitiwa saini Novemba 2022, kabla ya sherehe za kuanza ujenzi wa SKA za Desemba 5 mwaka huo huo. Aliyeombwa ardhi alikuwa bado na kitu mkononi cha kujadiliana.

Kwetu

Kenya imo kwenye orodha ya washirika pamoja na Botswana, Ghana, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Mpango wa nchi hizo ulikuwa kugeuza madishi makubwa ya zamani ya mawasiliano ya setilaiti yawe darubini, ukimya ukinunuliwa kwa bei nafuu. Ghana walifanikiwa na dishi la Kuntunse mwaka 2017. Kwa upande wa Kenya, mahali palipotajwa ni Longonot, kituo kilichofunguliwa mwaka 1970.

Longonot si Karoo. Pale pana wafugaji wa Kimaasai, na karibu yake Naivasha pana mashamba ya maua yenye pampu na vibanda vinavyoendeshwa kwa vidhibiti vya mota, nyuzio za umeme, na simu kila mfukoni. Kila kimoja ni kelele. Mtambo wowote wa kusikiliza utakaowekwa mahali kama hapo utalazimika kuchagua: ama kujifungia wenyewe kwa chuma na machujio, ama kuwataka majirani wanyamaze. Njia ya kwanza analipa mwenye mtambo. Njia ya pili analipa jirani, na mara nyingi hulipa bila kupewa risiti.

Mkulima atakayeitwa kwenye mkutano wa aina hiyo ana maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Nani atanunua machujio ya pampu na uzio wake vikionekana kuvuruga, na nani atayabadilisha yakiungua? Umeme uliosafishwa utakaoletwa kwa ajili ya mtambo utaishia getini, au laini hiyo hiyo itatoa tawi kwa kijiji? Mawasiliano mbadala yataanza kufanya kazi kabla ya yale ya zamani kuzimwa, au baada? Swali la mwisho linafaa kuandikwa kwa tarehe, kwa sababu ndilo lililowagharimu zaidi wa Karoo. Muuza duka naye asibaki nyuma akidhani ni mambo ya wenye ardhi.

Huko Karoo kwenyewe bado kazi inaendelea. Dishi la kwanza la SKA lilisimamishwa Julai 2024. Mpango ni kuongeza madishi mapya 133 juu ya yale 64 ili yafike 197, mengi yakiwa yamesongamana katikati na mengine yakitawanyika katika mikono mirefu, hadi kilomita 150 kati ya yaliyo mbali zaidi. Mikono hiyo inayasogelea mashamba ambayo bado yana kondoo. Kila dishi litakuja na nyaya zake za umeme, chumba chake cha chuma na ethi yake, vyote vikiwa vimekwisha kukadiriwa bei. Mfugaji aliye ng'ambo ya uzio bado anajadiliana.